Mshika Taa Hayumo Kitabuni

Nyumba za Walimu,
Mlango wa Tatu,
Jumatano, tarehe 19 Novemba.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Macho yanaendeleaje? Katika barua yako ya mwisho uliniambia kwamba la kushoto sasa linaona watu kama wamesimama nyuma ya pazia, na kwamba daktari amepanga kukupasua mwezi ujao. Habari hiyo uliiandika kwa mstari mmoja tu, halafu ukaruka kuniuliza habari za paka. Nakufahamu. Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa. Zikikushinda, mwombe wifi akusomee, ila mwambie asicheke mpaka afike mwisho.

Sisi huku hatujambo. Mama yuko vizuri, magoti tu ndiyo yanayomkorofisha akishuka ngazi. Cherehani hajaiacha. Wiki iliyopita alishona mapazia ya jirani huku akilalamika kutwa kwamba jirani hajui kuchagua kitambaa. Paka yupo, ameshiba, hana shukrani.

Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia. Kaka, ninaogopa. Nakwambia mapema ili usije ukahangaika kutafuta nilichoficha kati ya mistari. Nimeshindwa kukueleza kwa simu kwa sababu kwenye simu mimi huropoka, wewe hucheka, na mwishowe tunaishia kuzungumzia hali ya hewa.

Jumamosi hii ni mahafali. Darasa langu la watoto thelathini na wanne, niliokuwa nao kwa miaka miwili, linaondoka. Unajua mimi na mahafali hatupatani. Huu ni mwaka wa ishirini na moja nafundisha, na kila mwaka husimama pembeni ya jukwaa nikipiga makofi huku nikikwepa macho ya watoto. Wenzangu hudhani ni uchungu wa kuagana. Kumbe huwa najiuliza ni kitu gani nilichowapa watoto hawa kitakachodumu kuliko cheti walichoshika mkononi, na kama kipo, je, ni cha kweli? Miaka mingine swali hilo huja likapita. Mwaka huu limekuja na meno.

Unakikumbuka kile kitabu chetu chenye jalada la kijani, kinachosimulia mji uliojengwa juu ya mgongo wa jitu lililolala? Watu wanatembea peku wasije wakaliamsha, wanapika bila kugonganisha sufuria, na mwenye mafua anatolewa nje ya mji mpaka apone. Hicho ndicho ninachowasomea darasani, kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Mwalimu mkuu hakupenda. Alisema watoto wa darasa la mwisho wanahitaji mazoezi ya mtihani, majitu watayakuta huko mbele ya safari. Nilimbembeleza mpaka akakubali kwa sharti moja, kwamba kiwe kipindi cha kusoma kitabu na si cha kupiga soga.

Na wewe unajua kitabu kile kinaishia wapi. Ukurasa wa 142 watoto watatu wamefika kwenye tundu la sikio la jitu, jitu limeanza kujigeuza, nyumba zinaanguka, halafu basi. Kurasa zilizobaki hazipo. Nilipougua surua, nikiwa na miaka saba, nimelazwa katika chumba kilichofungwa mapazia mchana kutwa, wewe ndiye uliyeketi kwenye kiti cha cherehani cha Mama ukanisimulia yaliyofuata. Uliniambia kwamba mwisho ulikuwa umeshausoma kabla mvua haijalilowesha begi lako na kuziharibu kurasa.

Ndipo ukanipa Mshika Taa. Yule binti mdogo anayejitokeza mlangoni mwa sikio, anayeogopa giza, popo, maji, hata kivuli chake mwenyewe, na ndiye anayeingia. Haingii kwa sababu hofu imemwisha. Anasema, "Hofu nayo ina miguu. Basi tutatembea pamoja." Anafika ndani kabisa, analiambia jitu yote anayoyaogopa, moja baada ya jingine. Na jitu, ambalo tangu mji ujengwe hakuna aliyethubutu kulisemesha, linatulia ili limsikilize. Mimi Kunguru wako, uliyenibandika jina hilo kwa sababu kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, nilitoka kwenye surua ile nikiwa na rafiki.

Sasa sikia nilichofanya. Mwaka jana tulipofika ukurasa wa 142, ningeweza kukifunga kitabu na kuwaambia watoto kwamba hapa kimechanika, yanayofuata nitawasimulia kama nilivyosimuliwa. Sikufanya hivyo. Niliogopa mwalimu mkuu angepita dirishani akanikuta napiga soga. Na kusema kweli, niliwaogopa watoto zaidi. Nikikishika kitabu, ni kitabu kinachosema. Nikikiweka chini, ni mimi.

Basi nikachukua daftari kuukuu la hesabu, nikapunguza karatasi zake kwa mkasi wa Mama, nikazishonea mwishoni mwa kitabu kwa uzi wa jinzi ili kionekane kina mkia. Mtoto wa fundi cherehani hashindwi kushona. Ijumaa iliyofuata nikasimama mbele ya darasa, nikakifungua, nikaendelea kusoma. Kaka, mdomo unasema jitu limepiga chafya, macho yangu yapo kwenye saba mara nane. Kila baada ya muda nafunua ukurasa, tena kwa taratibu, kama mtu mwenye akili zake. Nilidhani zitakuwa Ijumaa tatu. Zikawa mwaka mzima, kwa sababu watoto hawakutaka Mshika Taa atoke sikioni, nami nikawa kila wiki namwongezea chumba kingine cha kupita.

Ningekwambia haya kwa kicheko kama si Nukta. Ndilo jina walilompa wenzake, kwa kuwa ni mdogo wa umbo na huketi mwisho wa safu. Alikuja kwangu na kigugumizi kikali, na alikuwa ameshaamua kwamba nafuu anyamaze. Ukimwita ubaoni atakuja, atafanya hesabu, ataipata, atarudi kuketi, neno halijamtoka. Miezi minne sikuwahi kuisikia sauti yake. Ijumaa ya kwanza ya Mshika Taa, wenzake walipotoka kwa vishindo, yeye alibaki mbele ya meza yangu. Alihangaika na neno la kwanza muda mrefu, mimi nikajifanya nahesabu chaki. Mwishowe akauliza, "Mwalimu, ana umri gani?"

Nikamjibu kwamba ana umri sawa na wake Nukta. Tangu hapo, Kaka, mtoto alianza kusema. Polepole, kwa kukwama na kukwamuka, lakini alisema. Yale maneno ya hofu na miguu ameyaandika ndani ya jalada la kila daftari lake. Akisimama kusoma hugusa meza kwa vidole, midomo ikacheza kidogo, na mimi najua anachojiambia.

Shule yetu ina desturi moja. Kila darasa linaloondoka huchagua mmoja wao asome mbele ya wazazi ukurasa wa mwisho wa kitabu walichokisoma pamoja. Mwaka huu walimchagua Nukta kwa kura thelathini na tatu kwa moja, na ile moja ilikuwa yake mwenyewe. Nilifurahi hata nikasahau kuogopa. Nilifikiri atasoma kutoka kwenye kitabu changu, nami ningemwandikia sura ya mwisho kwenye karatasi nzuri nikaibandika juu ya zile hesabu.

Jumatatu ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibiwa kwa wema. Mtunza maktaba wetu, mama tunayemwita Miwani kwa sababu anazo tatu na zote humpotea, aliingia ofisi ya walimu na kifurushi cha karatasi ya kaki. Kumbe miaka miwili amekuwa akiwaandikia barua wauza vitabu kwa siri ili anipatie nakala nzima kama zawadi ya mahafali. Ameipata. Jalada lake linang'aa na kurasa zake ni 211. Walimu wakapiga makofi, na mwalimu mkuu akatangaza hapo hapo kwamba Nukta atasomea hiki na si lile gofu langu, maana kutakuwa na wageni.

Nilikwenda nacho chooni, nikajifungia, nikausoma mwisho nimesimama. Mshika Taa hayumo. Mwana wa mfalme anapuliza baragumu, jitu linalala tena, watu wanasherehekea, kitabu kinakwisha. Hakuna taa wala binti. Nilirudi nyuma nikatenganisha kurasa moja moja, nikidhani labda mbili zimeshikana.

Jioni ile nilikaa mezani na kitabu kipya, na, nisikufiche, nilikuwa nimeshatia uzi kwenye sindano. Nilipanga kunyofoa sura yao na kushonea yangu. Kabla sijachoma tundu la kwanza, mkono ukanigoma. Kesho yake nikamwuliza Mama ni lini hasa ulilowa ile mvua, nikitumaini labda kulikuwa na nakala nyingine, ya toleo jingine, na wewe uliisoma hiyo.

"Mvua gani?" Mama akasema. "Kitabu kile kilikuja bila mkia. Mteja alikisahau ndani ya mfuko wa gauni la kupunguza. Kaka yako alilia kutwa kwa kukosa mwisho, mpaka nikamtishia mkanda ndipo akanyamaza."

Kaka, ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Hukuwahi kuuona mwisho ule. Ulimtunga binti mzima kwa ajili ya mdogo wako mwenye surua, ukamsingizia mvua, na miaka thelathini na saba hukusema. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu imekuwa ndefu kiasi hiki, na sasa imefika mbele ya mtoto wa watu.

Mwalimu mkuu namwogopa, ndiyo, lakini hiyo ni hofu ya kawaida, kama ya mkaguzi. Ninachokiogopa ni Nukta akifungua ukurasa wa mwisho mbele ya ukumbi mzima, amkose rafiki yake, na mdomo ufungike kama zamani. Yote aliyoyajenga ameyajenga juu ya kitu anachoamini kimechapwa. Hajui kwamba kimetoka kwa mwalimu mwoga aliyejificha nyuma ya daftari la hesabu. Nikimwambia, anaweza kusema kwamba kumbe hata hili lilikuwa uongo. Nisipomwambia, itabidi nishone, na siku moja akiwa mtu mzima ataingia duka la vitabu na kukiona rafuni. Kesho kutwa atakuja kufanya mazoezi. Ni rahisi kusema liwalo na liwe kama jambo si lako.

Naacha hapa kwanza, kengele imelia.

Jumapili.

Barua sikuipeleka posta. Nilishindwa kukutumia nusu ya habari, maana sisi wawili tumeshateseka vya kutosha kwa habari zisizo na mkia.

Ijumaa Nukta alikuja baada ya masomo. Nilivifungua vitabu vyote viwili mezani, sambamba, na nikamweleza. Nilimweleza surua, kiti cha cherehani, mvua ambayo haikunyesha, na uzi wa jinzi. Sikuwa na kitabu cha kujifichia, na sauti yangu ilitetemeka kuliko yake ilivyopata kutetemeka. Alisoma ukurasa wa 211. Kisha akavuta kitabu cha zamani, akaitazama saba mara nane kwa muda, akapitisha kidole juu ya mshono wangu kutoka juu mpaka chini. Nilimwomba msamaha. Aliondoka bila kitabu chochote na bila kuaga, na mtoto yule haondoki bila kuaga. Nilijua nimemrudisha kwenye ukimya wake. Usiku ule nililala na nguo za kazini.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwalimu mkuu alikiweka kitabu kipya juu ya meza ya msemaji kwa mikono yake mwenyewe, akakifungua mahali penyewe. Baba yake Nukta, ambaye ni fundi bomba, alikuwa safu ya pili na koti lililombana mabegani. Nilipomwona binti yake amesimama kwenye mstari pamoja na wenzake, nilishukuru kwamba angalau amekuja. Alipoitwa jina, nikashika pazia la jukwaa.

Alipanda. Akakitazama kitabu, akakifunga, akakisogeza pembeni. Kutoka mfukoni mwa sketi akatoa daftari. Halafu akanyamaza. Mgeni wa mbele akakohoa, mwalimu mkuu akanitupia jicho, baba mtu akainamisha kichwa. Miguu yangu ilitaka kupanda nikamsomee. Nikaizuia, kwa sababu huko ndiko kungekuwa kumwambia kwamba simwamini. Mwishowe nikaona vidole vyake vimegusa meza, na midomo ikacheza.

"Sura hii haimo kitabuni," akasema. "Mwalimu alisimuliwa na kaka yake alipokuwa mgonjwa. Kaka yake ndiye aliyeitunga."

Kwenye neno kaka alikwama mara tatu. Hakuna aliyecheka. Kisha akasoma. Kumbe Ijumaa zote zile, mwaka mzima, akifika nyumbani alikuwa akiandika kila nilichokisema, vyumba vyote vya sikio, hata kile nilichokibuni nikiwa na homa na kukisahau. Nilisimama pale nikisikiliza maneno yako na yangu yakipita ukumbini kwa sauti ya mtoto aliyekuja kwangu hana sauti, na hofu haikunitoka hata mara moja. Nililia tu nikiwa naogopa.

Karibu na mwisho nikasikia kitu ambacho si chako wala si changu. Mshika Taa anapotoka sikioni, anamkuta mtu mwingine amesimama pale mlangoni, anatetemeka. Hamwambii asiogope. Anampa taa, anamwonyesha njia, kisha yeye mwenyewe anarudi mjini gizani bila taa, kwa sababu sasa njia anaijua. Hapo Nukta akafunga daftari, akashuka.

Makofi yalipigwa, sitakudanganya. Lakini mzazi mmoja alinifuata nje akaniuliza ni mambo gani mengine nimekuwa nikijifanya nasoma. Mwalimu mkuu, tukiwa tumepangwa kwa picha, aliniambia bila kuacha kutabasamu kwamba Jumatatu saa tatu niwe ofisini kwake. Huenda kipindi cha Ijumaa kimekwisha. Huenda na zaidi ya kipindi. Miwani pekee ndiye aliyenishika mkono, akaomba lile gofu langu alitie namba ya maktaba, na hesabu zake ndani.

Nukta aliniaga safari hii. Nilimweleza kwamba mtunzi ni mgonjwa wa macho, yuko mbali. Leo asubuhi baba yake ameleta bahasha. Nukta amekunakilia sura yote, kwa herufi kubwa kuliko hizi zangu, kurasa kumi na tisa. Nimeiweka humu. Kaka, wewe uliyelia kutwa kwa kukosa mwisho, mwisho ndio huo, umefika kwa posta.

Nisalimie wifi sana. Msalimie na kitinda mimba wenu Kidevu, mwambie shangazi hajasahau ahadi ya kalamu za rangi, na yule mkubwa mwambie aandike, mkono hautaanguka. Mama anakusalimu na anasema ule mkanda bado anao.

Mungu ayalinde macho yako na akurudishe kwetu ukiwa unatuona vizuri, na mvi zetu zote. Kesho saa tatu nitagonga mlango wa mwalimu mkuu. Ninaogopa, na nitakwenda. Nawe ukifika kwa daktari mwezi ujao, mweleze yote unayoyaogopa, moja baada ya jingine. Usimwulize habari za paka.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,

Kunguru.